Mbayuwayu halali topeni: tunayoyaamini kuhusu ndege wa majira ya machipuko

Kila ikifika Machi watu wanaopenda kuangalia ndege huko kaskazini mwa dunia wanachanganyikiwa, manake ndio mwezi ambao ndege walioondoka tangu Septemba wanaanza kurudi mmoja mmoja, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa Mei kila mtu ana habari yake: mimi nimeona mbayuwayu wa kwanza, mimi nimesikia kekeo, mimi pale bwawani kuna bata sijui hata ni wa aina gani. Raha tupu. Ila pamoja na hizo habari yanapita na mambo ambayo wala si kweli, mengine yana miaka mia nne na zaidi, na ukiyaangalia vizuri mengi yana mzizi mmoja: tunamtafuta ndege saa ambayo ameshapita, mahali ambapo hayupo, na tunakodoa macho pale ambapo masikio yangetosha. Na mi mwenyewe nimeshaamini karibu yote haya, kwahiyo sicheki mtu.

Tuanze na kongwe kuliko yote, eti mbayuwayu baridi ikija wanajizika kwenye tope la kinamasi na kulala humo mpaka joto lirudi. Hii waliiamini wasomi kabisa. Mwaka 1555 askofu mkuu wa Kiswidi, Olaus Magnus, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini wakivuta nyavu wakati wa baridi wanakuta mbayuwayu wameshikana donge, mdomo kwa mdomo, bawa kwa bawa. Na ukikaa pembeni ya matete jioni ya mwisho wa kiangazi unaelewa kabisa walikoitoa: mamia ya mbayuwayu wanazunguka juu ya maji, giza linaingia, ghafla wote wanashuka kwa mkupuo na matete yanawameza, afu wiki mbili baadae humuoni hata mmoja. Sasa kama hujui kuna Afrika, utasema wameenda wapi kama sio chini?

Kumbe walikuwa wamekuja huku kwetu. Mwaka 1822 karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe ambaye tayari alikuwa na mkuki shingoni, mkuki wa Kiafrika, urefu karibu sentimita 80, umeingia huku umetokea kule na jamaa kasafiri nao hivyohivyo mpaka Ulaya (mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock, picha zake ukiziona utashika shingo yako). Kwa mbayuwayu wenyewe ushahidi ulikuja na pete ndogo ya mguuni: aliyevishwa Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu kama 20, umbali wa kilomita kama 10,000, na wanarudi hukohuko kila mwaka. Ile hadithi ya tope ukiilinganisha na ukweli, tope ndio linaaminika zaidi aisee.

Sasa watu wa leo hawasemi tope, wanasema "wamerudi kwasababu kumeanza joto." Fikiria kidogo. Ndege aliyeko kusini mwa Sahara atajuaje kama huko Ulaya barafu imeyeyuka? Hana wa kumpigia simu. Kinachompa ishara ni urefu wa mchana, siku zikirefuka au kufupika mwili wake unabadilika, anakula kama hana akili nzuri, mafuta yanajaa chini ya ngozi, na kuna wadogo wa kwenye matete ambao wanakaribia kujidabo uzito kabla ya kuvuka jangwa. Na wale wanaokaa huku karibu na ikweta, ambako mchana na usiku karibu viko sawa mwaka mzima, wana saa ndani ya mwili inayohesabu mwaka, watafiti wamewafungia ndege kwenye vyumba ambavyo mwanga haubadiliki kabisa na bado muda wa safari ulipofika walianza kuhangaika usiku na kurukaruka kuelekea upande wao. Joto na upepo vinaweza kumchelewesha au kumuwahisha siku kadhaa akiwa njiani, hapo sawa, lakini sio vinavyomtoa nyumbani. Na kwanini aende wakati huku kuna joto tayari? Chakula. Kule mwezi Mei na Juni wadudu wamejaa na mchana unafika masaa kumi na sita au zaidi, mzazi mwenye vifaranga watano ana muda mrefu wa kutafuta. Hakimbii kitu, anafuata kazi.

Kekeo ndio ananimaliza kabisa. Kifaranga wake analelewa na ndege wa aina nyingine, wazazi wake halisi wanaondoka mapema, wengine Juni tu washaaga, na yeye anakuja kuondoka baadae peke yake, hajawahi kumuona mama yake, na anafika Afrika. Zamani walikuwa wanasema kekeo akipotea ni kwamba amegeuka kipanga! Na hata leo ukisikia ile "ku-kuu" watu wanasema huyo jike anaita. Dume huyo. Jike sauti yake ni kama maji yanayobubujika kwenye chupa, na wengi wanaisikia bila kujua ni nani.

Kosa linalofuata ni kusimama nje saa sita mchana unaangalia juu ukisubiri makundi yapite. Mbayuwayu ndio, wanasafiri mchana na kula hukohuko angani, korongo pia wanasubiri hewa ya moto iwanyanyue. Lakini ndege wadogo wengi wanaokula wadudu wanapita usiku, umelala zako, wao wako juu ya paa. Usiku hewa imetulia na ina ubaridi, vipanga wamelala, kuna nyota za kuwaongoza na wana namna ya kuhisi usumaku wa dunia, halafu asubuhi wanashuka kula. Ndio maana mtu anayefika ukingo wa bwawa saa kumi na mbili asubuhi anakuta kichaka ambacho jana kilikuwa kimya leo kina vurugu, na anayefika saa nne akishakunywa chai anasema hapa hamna kitu.

Hapo naingia kwenye ile ya viota. Muulize mtu yeyote kiota kiko wapi, atakuonyesha mti. Mashambani na kwenye majani ya kinamasi ndege wengi wanataga chini kabisa: ndoero, sululu (yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, sio ya kuchimbia), kipozamataza, wote hao. Kiota cha ndoero wala sio kiota, ni kishimo tu amekikwangua kwenye udongo na kuweka vijani viwili vitatu, mayai manne yenye rangi ya udongo wenyewe na madoa meusi, ncha zimeelekea katikati kama vipande vya chungwa. Niliwahi kumuona kwa darubini akiwa amekalia shamba lililolimwa, nikashusha darubini kufuta lenzi, nikaipandisha tena na sikumpata, kumbe hajasogea hata hatua moja. Sasa mtu anakuja na mbwa wake hajamfunga, anakatiza njia ya mkato, anasema "hapa hamna mti hamna ndege."

Afu kuna yule kiluwiluwi wa kwenye changarawe, namaanisha ndege, sio mtoto wa chura. Unamkaribia anaanza kuburuta bawa chini kama limevunjika, analialia, watu wenye huruma wanamfuata, maskini tumsaidie. Ndicho anachotaka! Anakuvuta mbali na mayai, ukishafika umbali anaoutaka bawa linapona palepale na anaruka. Ukiona hiyo sinema simama, angalia chini ulipokanyaga, rudi taratibu kwa njia uliyojia.

Sauti sasa, na hapa ndio penye utajiri. Kuna ndege wa kinamasi mwenye mdomo mrefu ulionyooka, jioni anapanda juu afu anachomoka kwenda chini na unasikia mlio wa kutetemeka kama mbuzi, Wafini wanamwita mbuzi wa mbinguni. Kila mtu anadhani ni koo. Ni mkia. Manyoya mawili ya pembeni anayatanua na upepo unayatetemesha anaposhuka. Kinyume chake kuna yule jamaa wa matete wa jamii ya kongoti, mwenye rangi ya matete makavu, anayetoa sauti nzito kama mtu anapuliza mdomo wa jagi tupu, inasikika hata kilomita tano. Kwa karne nyingi walisema anachomeka mdomo kwenye tope au ndani ya tete ndio apulize. Hapana, anajaza hewa kwenye koo lake lililoota misuli hasa kwa ajili ya msimu huu, na anayefanya hivyo ni dume tu. Unaweza kumsikia asubuhi nzima usimuone hata mara moja, na kwenye daftari langu hiyo nahesabu, wanaobisha wabishe. Na ile "kwa kwa kwa" ya bata wa mabwawani ambayo tunamuigizia mtoto? Kwa wale mallard wa kawaida anayepiga hiyo ni jike, dume mwenye kichwa cha kijani anakwaruza tu kwa sauti ya chini.

Ila masikio nayo yanadanganya, na siku hizi yanadanganywa kwa msaada wa simu. Aplikesheni za kutambua sauti ni nzuri, natumia kila siku, lakini ziliwahi kuniambia kuna sululu juu ya paa. Nikazunguka nyumba ile mara mbili natafuta mdomo mrefu uliopinda. Alikuwa kwenzi, amekaa juu ya antena, anaiga sululu kwa ufundi wa ajabu na akimaliza anaiga na mwingine. Kwahiyo simu ikisema kitu, chukulia kama uvumi wa mtaani, nenda kaangalie.

Ile ya dume ndio mwenye rangi nzuri, mara nyingi kweli, ila kuna ndege fulani wa jamii ya chekeamwezi wanaoogelea huku wakizungukazunguka kama pia, jike ndio mwekundu amependeza na dume amefifia, na dume ndio anaatamia. Ukiandika "jozi, dume mwekundu" umegeuza ndoa ya watu.

Darubini. Wanaoanza wanataka yenye namba kubwa, kumi, kumi na mbili, wanajua itawasogeza karibu. Inasogeza na mtetemo wa mkono wako pia, na eneo unaloliona linakuwa dogo, ndege wa matete anatokea sekunde mbili na wewe bado unatafuta ni tete lipi. Halafu angalia namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini, ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, gawanya ya pili kwa ya kwanza: 8x42 inakupa duara la mwanga la milimita 5 na ushee, 10x42 inakupa 4.2, na alfajiri au jioni kwenye ukungu utaiona hiyo tofauti. Nane inatosha sana.

Kifaranga aliyeko chini njiani, manyoya yameshaota, mkia mfupi: hajatelekezwa, anajifunza kuruka na wazazi wako jirani wanasubiri uondoke. Na ukimgusa mama hamkatai kwa harufu yako, hiyo ni ya kutishia watoto tu. Akiwa katikati ya njia msogeze kichakani, ondoka.

La mwisho, eti siku nzuri ya kutoka ni ya jua. Jua zuri na upepo wa kusini maana yake waliokuwa wanapita wamepita moja kwa moja, wewe unapigwa jua bure. Mvua ya usiku na upepo wa mbisho ndio vinawashusha, na kukiwa na baridi wadudu wanapatikana zaidi juu ya maji, basi mbayuwayu wote wa eneo zima wanahamia bwawani. Vaa koti, simama kwenye ukingo usitikisike, wanapita usawa wa kiuno chako kwa mamia, karibu kiasi kwamba unasikia mdomo ukigonga, kap, unapofunga juu ya mdudu.