Maana ya modeli ya kihisabati ya mtiririko wa mkojo

Modeli ya kihisabati ya mtiririko wa mkojo ni milinganyo inayounganisha kasi ya mkojo, shinikizo linalousukuma na umbo la njia unamopita, tangu kwenye figo hadi unapotoka mwilini. Sehemu inayosumbua zaidi ni ile mirija miwili inayotoka kwenye figo na kushuka hadi kibofuni.

Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha kwamba kiasi cha kimiminika kinachopita katika mrija mwembamba hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo, kiasi kwamba nusukipenyo kikipungua kwa nusu, na shinikizo likabaki lilelile, kinachopita ni sehemu moja tu kati ya 16. Kanuni hiyo ni ya mrija mgumu usiocheza. Kila mmoja wa ile mirija miwili ya kutoka figoni, wenye urefu wa sentimita 25 hivi, una ukuta wa misuli unaojibana kwa mawimbi, na ndiyo maana mkojo hufika kibofuni hata mtu akiwa amelala chali. Chukua mpira wa kumwagilia uliojaa maji, ubane kwa vidole viwili, kisha uviburute vidole kuelekea mdomoni mwake: maji yatatoka ingawa bomba limefungwa.

Mwaka 1969 watafiti Shapiro, Jaffrin na Weinberg waliuchukulia ukuta kama wimbi linalosafiri, wakakubali mambo mawili ya kurahisisha hesabu: kwamba wimbi ni refu sana likilinganishwa na upana wa mrija, na kwamba mwendo ni wa polepole kiasi cha mnato (uzito wa kimiminika kutiririka) kuizidi kwa mbali inesha (hali ya kitu kuendelea na mwendo wake). Dhana ya pili haishangazi, kwa kuwa mtu anayetoa lita moja na nusu kwa siku hupitisha takribani nusu mililita tu kwa dakika katika kila mrija. Lililoshangaza ni jibu: wimbi lisipoufunga mrija kabisa, chembe zilizo karibu na ukuta huweza kurudi nyuma kuelekea figo, ingawa mkojo kwa jumla unakwenda mbele. Huenda hiyo ni njia mojawapo ya bakteria kupanda kutoka kibofuni.

Modeli hiyo, hata hivyo, hupewa wimbi likiwa tayari. Jiwe linapoziba njia na mrija kutanuka, umbo la wimbi halijulikani tena mapema, hivyo unyumbufu wa ukuta wenyewe hulazimika kuingizwa katika milinganyo na kutatuliwa pamoja na mkojo.