Mahali ambapo Kilimia hakizami: kutembelea planetariamu kaskazini ya mbali

Wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki wamekifuata Kilimia vizazi kwa vizazi. Wazee walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Na kweli, kila mwaka kuelekea mwisho wa Aprili kundi hilo dogo la nyota huonekana kwa mara ya mwisho upande wa magharibi jioni, likamezwa na mng'ao wa jua kwa wiki kadhaa, kisha likazuka tena mashariki alfajiri ya mwezi Juni.

Sasa mchukue mtu aliyekua na hesabu hiyo, umfikishe Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway ulio takriban kilomita 350 ndani ya Duara la Aktiki. Akitoka nje usiku wa Desemba atakikuta Kilimia juu. Akikesha mpaka asubuhi bado atakikuta. Huko hakizami. Hupanda, huzunguka, hushuka upande wa kaskazini mpaka kikabakisha nyuzi kama 4 tu kugusa upeo wa macho, kisha huanza kupanda tena.

Sababu yake ni jiometri, na nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Nyota ya Kaskazini husimama juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zinazolingana na latitudo ya mahali ulipo. Ukiwa ikweta, imelala kwenye upeo wenyewe. Ukiwa Dar es Salaam huioni kabisa. Ukiwa Tromsø iko karibu nyuzi 70, yaani karibu utosini. Nyota zote nyingine huonekana kuizunguka. Ile iliyo ndani ya nyuzi 70 kutoka kwenye ncha hiyo ya anga haina nafasi ya kushuka chini ya upeo, na Kilimia kiko umbali wa nyuzi 66 hivi. Kimeponea chupuchupu. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, uko kusini zaidi, latitudo 64, na huko Kilimia bado huzama kidogo kila siku.

Haya yote naweza kuyaandika na wewe ukayasoma, lakini kuyaelewa ni jambo jingine. Ndiyo maana sisi tunaofundisha umma elimu ya anga tunaithamini sana planetariamu: ukumbi wenye dari la kuba, ambamo nyota huoneshwa juu ya vichwa vya watazamaji kwa projekta. Ya kwanza ya aina hii ilioneshwa Oktoba 1923 kwenye makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich, kwa mashine ya kampuni ya Zeiss iliyobuniwa chini ya mhandisi Walther Bauersfeld. Mwaka 1925 ikafunguliwa rasmi kwa umma. Mashine zile zilipitisha mwanga wa taa kwenye matundu na lenzi ndogondogo. Siku hizi kumbi nyingi hutumia projekta za kidijitali zinazoongozwa na kompyuta.

Tromsø ina planetariamu tangu mwaka 1989, katika eneo la Breivika karibu na chuo kikuu, na leo ni sehemu ya kituo cha sayansi cha Nordnorsk vitensenter. Reykjavik nayo ina yake ndani ya makumbusho ya Perlan, jengo la kuba la kioo lililojengwa juu ya matangi makubwa ya maji moto yanayohudumia mji.

Wageni wengi huingia humo kwa ajili ya filamu ya aurora tu, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku kaskazini ya mbali, wakatoka wameridhika. Kwa maoni yangu wamekosa kilicho bora. Kama onyesho lina mtangazaji aliyepo ukumbini, mwombe kabla halijaanza: akuoneshe kwanza anga la nyumbani kwenu. Kompyuta inayoendesha kuba haijali mahali. Mtajie Bukavu, Bujumbura, Tanga au Kampala. Mwambie auharakishe usiku. Utaona nyota zikichomoza mashariki zikipanda wima, zikipita juu na kuzama wima magharibi, kama ulivyozizoea bila kujua kwamba umezizoea. Kundi la Jabari litapita utosini. Upande wa kusini utauona Msalaba wa Kusini.

Kisha aanze kukupeleka kaskazini polepole. Hapo usiangalie katikati ya kuba. Angalia ukingo wake wa kusini. Msalaba wa Kusini utadidimia na kutoweka. Jabari atateremka mpaka ukanda wake wa nyota tatu ubaki nyuzi 20 tu juu ya upeo. Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, itakuwa imeng'ang'ania ukingoni. Upande wa pili, Nyota ya Kaskazini inapanda, na njia za nyota zinainama, zinainama, mpaka zinakuwa duara zilizolala. Mfuate Kilimia kwa macho. Kuna mahali katika safari hiyo ambapo kitashuka kama kawaida yake kuelekea kuzama, lakini hakitazama. Nimewaona watu wazima wakiinuka vitini wakati huo. Mviringo wa dunia, ambao shuleni tulikariri tu, wameuona kwa macho yao.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaoishi huko. Zipo familia za Wakongomani, nyingi zilizopitia kambi za Uganda, ambazo Norway imezipokea na zinazungumza Kiswahili nyumbani. Watoto wanajifunza anga la kaskazini shuleni, bibi analijua la Kivu, na kuba ni mahali ambapo bibi anaweza kumfundisha mjukuu. Mpelekeni.

Bibi huyo ataona na mengine. Mwezi mwandamo, ambao kwetu huonekana umelala kama mashua, huko mara nyingi husimama wima. Mwezi mpevu wa Desemba, miaka mingi, hukaa angani mchana na usiku bila kuzama, wakati jua lenyewe halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Lakini si giza totoro: tarehe 21 Desemba saa sita mchana jua liko nyuzi 3 tu chini ya upeo, na theluji hugeuka buluu kwa saa chache.

Na aurora? Inastahili sifa zake. Jua hurusha chembe zenye umeme muda wote. Uga sumaku wa dunia huzinasa na kuziongoza, na elektroni zikiporomoka kuelekea maeneo ya ncha hugonga hewa ya juu. Oksijeni katika kimo cha kilomita 100 na zaidi hutoa kijani, oksijeni ya juu kupita kilomita 200 hutoa nyekundu, nitrojeni huongeza buluu na zambarau. Mnorwe Kristian Birkeland aliyapigania maelezo ya namna hii tangu miaka ya 1890. Alitundika tufe lenye sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akalirushia elektroni, na duara za mwanga zikajitokeza kwenye ncha zake. Alifariki mwaka 1917 wengi wakiwa hawajamkubali. Miaka ya 1960 na 1970 setilaiti zilipima mikondo ya umeme aliyoitabiri.

Jambo moja la kujiandaa nalo: aurora ya kwenye kuba ni kali kuliko nyingi utakazoziona nje. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, jicho haliwezi. Aurora hafifu nje huonekana kama wingu la kijivu lenye ukijani, na watu huipa kisogo wakingoja rangi za filamu. Ukiona wingu linalobadilika umbo haraka huku nyota zikionekana kupitia ndani yake, ndiyo yenyewe.

Fika mapema, maana kumbi nyingi hazimruhusu mtu kuingia onyesho likishaanza. Mwanga wa mlango huharibu macho ya wote, na macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Simu izimwe, si kupunguzwa mwanga. Chagua kiti cha nyuma kuelekea katikati. Picha zikianza kuzunguka ukahisi kichefuchefu, funga macho kidogo, kitapita. Uliza mapema lugha ya onyesho, na kama kutakuwa na mtangazaji au filamu tupu. Kwa ombi la anga la nyumbani unamhitaji mtangazaji.

Anayesafiri kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Julai ajue kwamba Tromsø jua halizami kwa takriban miezi miwili, na nje hataona hata nyota moja. Kwa msimu huo, nyota zote za mji ziko ndani ya kuba.