Lebo isiyoogopa maji: anza na chupa, karatasi baadaye

Mama mmoja anayesindika pilipili aliniletea chupa sita ndani ya deli la barafu. Akatoa moja, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaiweka mezani. Lebo ilikuwa imeshika vizuri kabisa, hakuna pembe iliyonyanyuka. Ila ilikuwa nyeupe. Picha ya pilipili imebaki doa la waridi, jina halisomeki, tarehe ya mwisho wa matumizi haipo. "Mtaalamu, si waliniambia stika hii hailowi?"

Walimwambia kweli. Stika haikulowa. Wino ndio ulioondoka na maji.

Wasindikaji wengi tunaowahudumia huingia dukani wakiulizia "stika ya waterproof", wakidhani wananunua kitu kimoja. Lebo ni vitu vitatu vilivyolaliana: uso unaochapwa, wino ulio juu yake, na gundi iliyo chini. Kila kimoja kina adui yake, na kimoja kikishindwa, uimara wa viwili vilivyobaki haukusaidii.

Tuanze na uso. Karatasi ya kawaida, hata ile inayong'aa, hunywa maji kupitia kingo zake. Kuna wanaoifunika kwa selotepu wakiamini wameiziba. Ichunguze chupa ya namna hiyo baada ya saa mbili kwenye barafu: utaona mstari mweusi wa unyevu unatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, chini ya selotepu. Selotepu imeziba mlango, dirisha liko wazi. Kama bidhaa yako itakutana na maji, chukua stika ya plastiki. Ya polipropilini, ambayo wachapaji huiita PP, inatosha kwa chupa nyingi za sosi, juisi na asali. Ya poliesta ni ngumu na inastahimili joto zaidi, lakini kwa chupa inayominywa, kama ya losheni au sabuni ya maji, ugumu huo ni kasoro. Chupa inakunjuka, lebo inabaki na makunyanzi. Hapo poliethilini laini ndiyo mwenzake.

Wino ndipo fedha nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Printa nyingi ndogo za tangi la wino zilizoko kwenye steshenari za mitaani hutumia wino wa rangi iliyoyeyushwa ndani ya maji. Kilichoyeyuka kwenye maji, maji yatakirudisha. Huo ndio uliomliza mama wa pilipili. Zipo printa za wino wa pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi zinazobaki juu ya uso baada ya maji ya wino kukauka. Huo unavumilia, mradi stika iwe imepakwa tabaka la kupokea wino. Ukiuchapa kwenye plastiki tupu unabaki juu kama tope, kidole kinaufuta.

Printa ya leza haitumii maji kabisa. Inayeyusha unga wa plastiki na kuugandamiza juu ya stika, kwa hiyo maandishi yake hayaogopi barafu. Hatari yake ni moto. Sehemu inayoyeyusha unga hufika nyuzi joto 200 hivi, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu. Nimeona roli ya printa ikiwa imevalishwa stika ya PP kama soksi, na mwenye printa ameshika kichwa. Kwa leza tumia stika ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ni ya leza. Nyingi ni za poliesta.

Halafu kuna vile vibandiko vinavyotoka kwenye mizani za supamaketi. Vile havina wino. Joto ndilo linaloigeuza karatasi nyeusi. Ni ndugu wa risiti ya EFD uliyoiacha kwenye dashibodi ya gari, ukairudia baada ya wiki ukakuta karatasi tupu. Kwa nyama inayoliwa leo, sawa. Kwa asali itakayokaa rafuni mwaka mzima, usithubutu. Mashine inayofanana nayo, lakini inayotumia riboni, yaani utepe wenye wino, ni habari nyingine. Riboni ya nta ni rahisi na inakwaruzika upesi, ya resini ni ghali na inastahimili mafuta na hata spiriti, na kati yao iko ya mchanganyiko. Anayefungasha mafuta ya alizeti au ya nazi asibane matumizi hapa. Chupa ya mafuta huvuja tone moja shingoni kila inapomiminwa, na tone hilo hushuka moja kwa moja juu ya lebo.

Mafuta hayo hayo hulainisha pia gundi zenye asili ya mpira. Gundi hizi hushika haraka ukibandika, ndiyo maana mafundi wanazipenda, lakini gundi ya akriliki ndiyo inayovumilia zaidi jua na mafuta. Inachukua muda tu kukolea. Gundi haigandi kama saruji. Inatiririka polepole kuingia kwenye vijishimo vya uso wa chupa, na huhitaji saa 24, wakati mwingine hadi 72, kufikia nguvu zake zote. Anayebandika asubuhi na kutumbukiza kwenye barafu mchana amemkatisha fundi kazi.

Na chupa yenyewe? Mwagia tone la maji kwenye chupa safi ya kioo: litatandaa. Mwagia kwenye dumu la plastiki la sabuni: litajikunja kama shanga na kuteleza. Uso unaoyakataa maji hivyo huikataa na gundi. Mwambie mchapaji kwamba unabandika kwenye dumu, na mwonyeshe dumu lenyewe. Kubandika nako kuna wakati wake. Sosi inayojazwa ikiwa nyuzi 85, ukiibandika lebo ingali ya moto, chupa ya plastiki itanywea ikipoa na lebo itakunjamana. Ukisubiri hadi itoke kwenye friji, kwa hewa ya Dar es Salaam au Tanga chupa itatoka jasho kabla hujamaliza kuvua karatasi ya nyuma. Ijaze, ipoe, ifute kwa kitambaa kisicho na mafuta, ikauke, kisha ubandike ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni. Pembe za lebo ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo hunyanyuka kwanza.

Mtu akikuuzia stika "ya kiwango cha bahari", mwulize kama anaijua BS 5609. Ni kiwango cha Uingereza kwa lebo za mapipa ya kemikali yanayosafirishwa baharini, na gundi hupimwa kwa kukaa miezi mitatu kwenye maji ya bahari. Achari yako haihitaji hayo.

Inachohitaji ni tarehe isiyofutika. Tangu 2019 usimamizi wa chakula nchini uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na lebo iliyopoteza tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo au anwani ya mtengenezaji ni chupa isiyouzika, hata kama kilichomo ni kizuri. Wengi huchapa lebo nzuri ya PP halafu wanagonga tarehe kwa muhuri wa mpira na wino wa ofisini. Wino huo umeundwa kunywewa na karatasi. Kwenye plastiki unabaki juu ukisubiri kidole. Tumia mashine ya mkono ya kupiga tarehe yenye wino wa kukauka haraka unaofaa plastiki, au chapa tarehe kwa riboni.

Msimbo pau nao una masharti yake. Ule unaoanza na 620, wa Tanzania, una kipimo cha kawaida cha milimita 37.29 kwa 25.93, na usipunguzwe chini ya asilimia 80. Usiuchape kwa mistari myekundu, maana skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu na hazitaiona. Kwenye chupa nyembamba ulaze, mistari izunguke chupa kama vipago vya ngazi.

Kabla ya kuagiza lebo 1,000, omba 10 za mfano. Bandika kwenye chupa zako, zijazwe bidhaa yenyewe, ziache siku tatu. Kisha nyingine zilale kwenye ndoo ya barafu usiku kucha, nyingine zikae juani, nyingine uzipake mafuta na sabuni. Sugua maandishi kwa kidole gumba mara 20. Yule mama alirudi na chupa mbili zilizolala kwenye barafu tangu jana yake, moja ya leza, moja ya riboni ya resini. Akanipa kitambaa nisugue mwenyewe.