Nairobi hadi Mombasa kwa ndege: kilomita 423, mbona tiketi inasema saa nzima?

Juzi dadangu alinipigia akiwa ameshafunga mkanda pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, anataka kujua mbona tiketi imeandikwa saa moja na rubani ametangaza dakika arobaini na kitu hewani, nani anadanganya? Hakuna anayedanganya dada. Mimi kazi yangu ni kupanga flaiti plani, yaani mpango wa safari ya ndege, na hili swali nalipenda sana manake wengi wanachukua kilomita wanagawa kwa spidi ya ndege wanaona wamemaliza, na haiendi hivyo hata kidogo.

Umbali kwanza. JKIA hadi Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa, ukipima mstari ulionyooka, ni kama kilomita 423, barabarani ni 480 na kitu. Kazini tunatumia maili za baharini, moja ni kilomita 1.852, kwa hivyo tunasema 228 hivi. Lakini hakuna ndege inayopita juu ya huo mstari mwanzo mpaka mwisho, JKIA mara nyingi zinaruka zikiangalia kaskazini mashariki zikiukabili upepo, na Mombasa iko kusini mashariki, lazima ukate kona, na kule mwisho pia lazima ujipange na njia ya kutua.

Sasa muda, hapa ndio kuna utamu. Saa ya tiketi inaanza ndege ikiondoka pale ilipopaki mpaka isimame kabisa kule, kwa hivyo kutembea ardhini na kupanga foleni ya kuruka kumo ndani.

Na hewani penyewe, chukua Boeing 737 inayopanda mpaka futi 31,000. Kushuka tunahesabu hivi: kila futi elfu moja inataka maili tatu, hapo ni 93, ongeza kama kumi za kupunguza mwendo, yaani unaanza kushuka Mombasa ikiwa bado maili 100 mbele. Kupanda nako kunakula 80 na zaidi. Toa kwenye 228 uone kinachobaki ni kidogo sana, dakika tano sita za kwenda kwa mwendo wa juu ndio hizo tu! Ndio maana ile ndege ya Dash 8 ya mapanga (propela), ambayo mwendo wake ni kama kilomita 667 kwa saa na watu wanaidharau, haiachwi mbali na jeti kwenye hii ruti, na kwa safari fupi mimi naiheshimu sana.

Kurudi hesabu inageuka kidogo, Moi iko mita 61 tu juu ya bahari na JKIA iko zaidi ya 1,600, kwa hivyo kupanda ni kurefu na kushuka ni kufupi. Upepo hapa kwetu hauleti tofauti kubwa, si kama Nairobi na New York ambapo kwenda kunachukua muda zaidi kuliko kurudi, kule kuna upepo mkali wa juu unaosukuma ndege kuelekea mashariki.

Ah na ukienda Mombasa chukua dirisha la kulia, ukirudi la kushoto, flaiti ya asubuhi kabla mawingu hayajapanda, utauona Kilimanjaro.