Dubu wa kuogopwa si yule mkubwa

Nikijitambulisha kwamba kazi yangu ni migogoro kati ya watu na wanyamapori, kwa kawaida naulizwa habari za simba na kiboko. Siku hizi naulizwa na za dubu. Inashangaza kidogo, maana Afrika haina dubu wa porini: wa mwisho waliishi milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, wakatoweka katika karne ya 19. Lakini simu zimejaa video zao, na vijiweni kwetu Sinza ubishi wa nani mkali kuliko nani haujawahi kupata mshindi. Wengi humtaja yule mweupe wa Aktiki. Mimi namtaja dubu mla mchwa wa India, na hapo ndipo ninapoanza kupigiwa kelele.

Ubishi hauishi kwa sababu maswali mawili yamechanganywa. Akishakurukia, una nafasi gani ya kupona? Na je, kwa jumla, anajeruhi na kuua watu wangapi? Majibu hayafanani.

Kwa swali la kwanza, mweupe anastahili sifa zake. Dume kubwa hupita kilo 500, na kati ya aina nane za dubu duniani ni yeye anayeishi karibu kwa nyama tupu, hasa ya sili, mnyama wa baharini. Akimwandama mtu, mara nyingi anaandama mlo. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za Kanada, Greenland, Norway, Urusi na Marekani, kuanzia 1870 hadi 2014, walipata mashambulio 73 na vifo 20. Ukali upo, tena mkubwa, lakini hiyo ni hesabu ya miaka 144. Anaishi mahali ambapo watu ni wachache, na waliopo wamejipanga: katika mji wa Churchill, Manitoba, wenyeji wana desturi ya kuacha milango ya magari bila kufunga ili mpita njia aliyekutana na dubu apate pa kujitupa. Jaribu desturi hiyo Kariakoo.

Dubu wa kahawia, ambao Wamarekani wa bara huwaita grizzly, wana tabia nyingine. Kati ya mwaka 2000 na 2015 yalihesabiwa mashambulio 664 Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia, na katika kila 100, kama 14 yaliua. Karibu nusu yalitoka kwa majike yenye watoto. Jike la namna hiyo halitaki kukula. Linataka uache kuwa tishio. Ndiyo maana wanaoingia kwenye makazi yake hufundishwa kulala kifudifudi, mkoba ukiwa mgongoni, vidole vimefumbatwa nyuma ya shingo, miguu imetanuliwa ili usigeuzwe kirahisi, na kukaa kimya mpaka liende zake.

Ushauri huohuo kwa dubu mweusi wa Amerika unaweza kukuua. Huyu kwa kawaida ni mwoga. Kuna mamia ya maelfu yao, na kuanzia 1900 hadi 2009 waliouawa na wale wa porini ni watu 63 tu. Lakini uchunguzi wa vifo hivyo ulionyesha kwamba vingi mno vilitokana na mnyama aliyekuwa akiwinda, na mara nyingi lilikuwa dume lililo peke yake. Ukijilaza, umemrahisishia kazi. Hapo unapigana kwa mawe, kwa fimbo, kwa ngumi za puani. Na usitegemee rangi, kwa kuwa dubu "weusi" wengine ni wa kahawia kabisa. Tazama anavyokuja. Anayekuja kwa fujo, akigonganisha taya na kuvuma, kwa kawaida anajihami. Anayekufuata kimyakimya, akikuzunguka na kukukodolea macho, huyo anakutaka wewe.

Sasa mla mchwa. Kitaalamu ni Melursus ursinus, mwenyeji wa India, Nepali na Sri Lanka. Ni mweusi, manyoya yamevurugika kama hajawahi kuona kitana, na kwa kawaida hana hata robo ya uzito wa yule wa Aktiki. Meno mawili ya mbele ya juu hana. Hubomoa kichuguu kwa kucha ndefu, hupuliza vumbi, kisha huwafyonza mchwa kupitia pengo hilo kwa kishindo kinachosikika mbali. Tatizo linaanzia hapo: kichwa kimezama shimoni, kelele ni zake mwenyewe, na mtu anayekuja hamsikii. Unapokuwa hatua chache ndipo anaposhtuka, na akishtuka mara nyingi hakimbii. Husimama, kisha hupiga kichwani na usoni. Wengi hawafi. Wanabaki bila jicho, bila pua, au na ngozi ya kichwa iliyochanwa.

Ukali huo wataalamu wanauhusisha na jirani yake, chui milia. Dubu huyu hana kawaida ya kukwea mti akivamiwa, na jike hubeba watoto mgongoni. Kwake kuwahi kupiga ndiyo kujiokoa. Katika jimbo la Madhya Pradesh, kabla Chhattisgarh haijakatwa kutoka kwake, kati ya Aprili 1989 na Machi 1994 yaliandikwa mashambulio 735 na vifo 48. Jimbo moja, miaka mitano. Linganisha na zile 73 za Aktiki nzima.

Asia ina mwingine wa kuangaliwa, dubu mweusi mwenye hilali nyeupe kifuani. Huko Japani, katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2023, watu 219 walijeruhiwa au kuuawa na dubu, wengi wao na huyu; njugu za msituni zilikuwa haba, na vijiji vilivyobaki na wazee watupu havina tena wa kuwafukuza. Waliobaki nawapita haraka. Dubu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, mtu humsumbua kwa nadra sana. Yule mdogo wa Asia ya Kusini-Mashariki ni mkali akibanwa, ila hukwepa watu. Panda hung'ata ukimwingilia: Gu Gu wa bustani ya wanyama ya Beijing aling'ata watu watatu kati ya 2006 na 2009, wote wakiwa wameingia wenyewe kwenye boma lake.

Mimi hesabu hizi nazisoma nikiwa na Rufiji na Lindi kichwani. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na sehemu kubwa haikuwa ya watalii wala wapanda milima. Walikuwa wakulima, wengine wamelala kwenye dungu shambani wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, naye simba alimfuata nguruwe huyohuyo. India nako ni hivyo: dubu anakutana na mwanakijiji aliyefuata kuni au maua ya mahua, ambayo huliwa na kutengenezewa pombe, na ambayo dubu pia huyapenda.

Alaska dawa ipo, na inafanya kazi. Ni kopo la kupulizia lenye kemikali ileile iwashayo kwenye pilipili, na katika matukio ya 1985 hadi 2006 lilimzuia dubu wa kahawia zaidi ya mara tisa katika kumi. Muokota mahua ana fimbo, pengine na shoka la kuni. Anaambiwa aende na wenzake, wapige kelele, wasitoke kabla jua halijachomoza. La mwisho ndilo gumu kwake, kwa sababu maua huanguka usiku, na kukicha yanakuwa yameshawahiwa na wengine, dubu akiwamo.