Kereng'ende wembamba wa Kigoma: rangi peke yake haitoshi

Dhana: Wale wadogo wembamba ni watoto wa kereng'ende wakubwa.

Hapana. Ni makundi mawili tofauti: wembamba na wanene. Kereng'ende akishaota mabawa hakui tena. Utoto wake ameumaliza majini akiwa lava. Lava wa kereng'ende mwembamba ana matamvua matatu bapa ya kusaidia kupumua mwishoni mwa mkia. Lava wa kereng'ende mnene hana, anapumulia ndani ya utumbo wa nyuma.

Dhana: Anayekunja mabawa ni mwembamba, anayeyatandaza ni mnene.

Mara nyingi ndivyo, ila wa jenasi (kundi la spishi za karibu) Lestes ni wembamba na hutua mabawa yakiwa nusu wazi. Tazama umbo: mabawa manne yanayofanana, yaliyobanwa kwenye shina, na macho yaliyoachana. Kwa wanene, shina la bawa la nyuma ni pana.

Dhana: Rangi inatosha kumtambua.

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Chukua spishi ya wembamba iitwayo Ischnura senegalensis, anayezoea maji yaliyotulia, hata majaruba ya mpunga. Dume ana mkia mweusi wenye pingili ya 8 ya buluu. Jike kijana ni wa rangi ya chungwa, akikomaa hufifia kuwa kahawia au kijani kibichi kilichochujuka, na wako majike wanaofanana na dume. Mtu anayefuata rangi ataandika spishi tatu mahali penye moja.

Uhakika uko kwa dume, kwenye vibano vinne baada ya pingili ya 10, ambavyo humshikia jike nyuma ya kichwa. Umbo la vibano hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Mshike kwa mabawa yaliyokunjwa (hana mwiba wa kuchoma), umtazame kwa lenzi ya mara 10. Piga picha ya vibano kutoka juu na kutoka ubavuni, ubavu wa kifua, kisha bawa juu ya karatasi nyeupe. Kwenye bawa hesabu vishipa vya kukingama kuanzia shinani hadi kwenye kifundo cha ukingo wa mbele: Ischnura ana viwili tu, Platycypha pinheyi, mwembamba mwingine, johari ya fukwe za Ziwa Tanganyika, ana vingi.

Dhana: Asipokuwemo kitabuni, ni spishi mpya.

Kitabu cha nchi moja hakitoshi. Ziwa tunachangia na Burundi, Kongo na Zambia, kwa hiyo linganisha na jenasi nzima. Kazi bado ipo: mwaka 2015 spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika zilitangazwa katika chapisho moja. Lakini jina jipya linahitaji maelezo yaliyochapishwa yanayoitofautisha spishi hiyo na jamaa zake, na kielelezo kimoja cha msingi ambacho wengine wanaweza kukihakiki makumbusho.

Kielelezo hicho ni rahisi kuharibika. Mwache mdudu hai kwenye bahasha ya karatasi saa chache ili atoe uchafu tumboni, mchovye kwenye asetoni (kimiminika kikali kinachoshika moto), mnyooshe mkia, kisha mloweke humo usiku kucha na umkaushe kivulini penye upepo. Akikauka polepole, hasa wakati wa mvua, matumbo huoza na buluu hugeuka nyeusi. Asetoni iliyotumika mara nyingi huwa imenyonya maji, ibadilishe. Tumia chupa ya kioo, mbali na moto. Juu ya bahasha andika mahali, viwianishi, mwinuko, tarehe na aina ya maji.

Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) vitangulie wavu. Kwa Gombe, ambako ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ongeza ruhusa ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa).