Chapati haidai bekingi pauda

"Chapati isipotiwa bekingi pauda haiwi laini."

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na nadhani ndiyo inayoharibu chapati nyingi hapa Mombasa. Chapati ya kusukuma haihitaji kiumuzi chochote. Kinachoifurisha juu ya tawa ni maji yaliyomo ndani ya unga: yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe. Nyuso mbili za chapati zikishika kidogo, mvuke hukosa pa kutokea, nayo inavimba.

Ulaini ni habari ya kukanda na kusubiri. Tia maji mpaka unga ukaribie kunata mkononi, kisha ufunike kama nusu saa. Muda huo gluteni, yaani mtandao wa protini za ngano, hulegea. Donge likisukumwa halijivuti kurudi. Samli inayopakwa kabla ya kuviringisha ndiyo inayotenganisha tabaka. Na chapati kavu mara nyingi imekaa mno kwenye tawa lenye moto mdogo, maji yakatoka polepole yakaisha. Pauda haiwezi kuyarudisha.

"Hamira, bekingi soda na bekingi pauda ni mamoja. Ukikosa hii, tia ile."

Si mamoja hata kidogo. Hamira ni viumbe hai, kuvu wadogo mno wanaokula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, tena kwa muda wao. Bekingi soda ni kemikali inayotaka mwenzake mwenye asidi, kama maziwa lala au ndimu. Ikizidi, mkate unakuwa na rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Bekingi pauda ni soda hiyohiyo iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliitengeneza ya kwake mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vyenye hamira. Mahamri ya pauda yanalika, sikatai, ila harufu ile ya hamira pamoja na iliki na tui usiitarajie.

Tena, uwazi ulio ndani ya hamri, pale panapoingia mbaazi, hautokani na hamira peke yake. Hamira huufanya unga mwepesi. Mvuke ndio unaolipuliza likigusa mafuta ya moto. Mafuta yakiwa baridi, linanyonya tu.

"Maji ya moto huharakisha hamira."

Vuguvugu, ndiyo: nyuzi 35 hadi 40. Ikikaribia 60 hamira inakufa. Na Februari, kwa joto lake, jikoni Majengo au Kibokoni, mitaa ya hapa Mombasa, maji ya bomba yanatosha kabisa. Anayekanda usiku akaange alfajiri apunguze hamira au aweke donge kwenye friji, maana baridi haiui hamira, huichelewesha tu.

"Kopo la pauda haliharibiki."

Kwa unyevu wetu huu wa pwani? Kopo likiachwa wazi, soda na asidi huanza kazi humohumo kabla hujapika chochote. Tia kijiko kidogo katika maji ya moto. Isipofoka povu, itupe. Hamira ipime kwa maji ya vuguvugu na sukari, uisubiri dakika 10.